Mbio za Kuiba Kituo: Tulichokijua Mikindani na Wanachokihesabu Huku

Huu ni mwaka wangu wa tisa nikiishi Cincinnati, Ohio, na katika mambo yote ya huku niliyoyazoea, hakuna linalonirudisha utotoni Mikindani, kusini mwa Tanzania, kama besiboli, hasa pale mkimbiaji anapoiba kituo. Katika mchezo huu mtu hufunga pointi kwa kuzunguka vituo vitatu na kurudi cha nyumbani, pale anaposimama mpigaji. Mchezaji aliyefika kituo cha kwanza kwa kawaida husubiri mwenzake apige mpira ndipo asogee, lakini anaruhusiwa pia kuchomoka kwa hiari yake na kukimbilia kituo cha pili, wakati mrushaji anaurusha mpira kwa mpigaji na mdakaji anajiandaa kuudaka na kuutupa huko anakokimbilia. Umbali ni mita 27 na kidogo. Safari yote ya mpira, kutoka kwa mrushaji hadi kwa mdakaji na kisha hadi kituo cha pili, huchukua sekunde tatu na nukta chache, na mkimbiaji hodari naye huhitaji karibu muda huohuo.

Sisi watu wa Kusini tunapenda mbio. Nimekaa mara nyingi uwanja wa Nangwanda Sijaona, pale Mtwara mjini, nikaona jukwaa zima linasimama kwa sababu winga amemwacha beki, na hata krosi yake ilipotua nyuma ya goli, watu waliendelea kumsifu hadi barazani jioni, kahawa ikimiminwa, pasipo mtu kuuliza ni mara ngapi siku hiyo mpira ulipotelea miguuni mwake. Kwenye ndondo za mitaani ni hivyohivyo: kijana mwenye kasi hupangwa kwanza, mengine yatajulikana mbele ya safari.

Huku nilikuta hesabu. Katika mechi zangu za mwanzo nilikaa kando ya mzee mmoja aliyeweka karatasi ngumu yenye visanduku juu ya goti, akiandika kila tukio kwa penseli fupi iliyochongwa kwa kisu. Mkimbiaji wetu alipochomoka akanaswa kituo cha pili, yaani akaguswa na mpira kabla hajakifikia na kutolewa, nilipiga makofi kwa ule ujasiri wake. Mzee akaandika alama mbili ndani ya kisanduku, akanigeukia na kunieleza kwa upole kwamba timu ina nafasi 27 tu za wachezaji wake kutolewa katika mechi nzima, zikiisha haishambulii tena, na kijana yule alikuwa ameitupa moja pamoja na nafasi yake mwenyewe ya kufunga. Baadaye nilielewa hesabu yenyewe. Kuiba kituo cha pili huiongezea timu matarajio ya takribani robo ya pointi, lakini kunaswa huipunguzia zaidi ya nusu, kwa hiyo anayeiba anapaswa kufaulu karibu mara tatu katika kila nne, la sivyo kasi yake inaidhuru timu yake mwenyewe.

Mfano ninaoutafakari zaidi ni wa Herb Washington. Timu ya Oakland ilimsajili mwaka 1974 kwa sababu moja tu: alikuwa mwanariadha wa mbio fupi. Alicheza mechi 105 bila kupiga mpira hata mara moja, akaiba vituo 31 na kunaswa mara 17, maana yake hakufikia hata theluthi mbili. Miguu ilikuwepo, na mimi naamini ilikuwa miguu ya ajabu, lakini mbio za kujitazamia njia iliyonyooka si mbio za kumvizia mtu mwenye mpira mkononi.

Mlinganishe na Rickey Henderson, ambaye rekodi yake ya kuiba vituo 1,406 sidhani kama itavunjwa. Watu humkumbuka kwa vituo 130 vya mwaka 1982, ingawa mwaka huo alinaswa mara 42, lakini thamani yake ilianza kabla hajakimbia hatua moja: alifika kituoni mara nne katika kila zamu kumi za kupiga, kwa kuwa alikuwa na subira ya kukataa mipira mibaya mpaka apewe kituo cha kwanza bure. Kituo cha kwanza hakiibwi. Kocha anayempanga mwenye kasi mwanzoni mwa safu ya wapigaji ilhali hafiki kituoni, anafanya kosa lilelile la kocha wetu wa ndondo.

Hata hivyo, nadhani watu wa huku nao walizidisha. Hesabu iliwafundisha woga, timu nyingi zikapunguza kuiba, hadi mwaka 2023 ikabidi kanuni zibadilishwe: vituo vikapanuliwa kutoka sentimita 38 hadi 46, mrushaji akawekewa saa, na mara za kurusha mpira kituoni ili kumzuia mkimbiaji asichomoke zikapunguzwa. Vituo vilivyoibwa vikapanda kutoka 2,486 mwaka 2022 hadi 3,503. Na kuna jambo ambalo karatasi ya mzee wangu hailinasi vizuri. Oktoba 2004, Boston wakiwa nyuma kwa mechi tatu kwa bila dhidi ya New York Yankees katika mfululizo ambao wa kwanza kushinda mechi nne husonga mbele, na nyuma kwa pointi moja katika kipindi cha tisa, walimwingiza Dave Roberts akimbie tu. Mariano Rivera, mrushaji wa Yankees, alirusha mpira kituo cha kwanza mara tatu kumzuia, na bado aliiba. Pointi yake ilisawazisha, Boston wakashinda mechi hiyo, kisha wakatwaa ubingwa wao wa kwanza tangu 1918.

Hapa Cincinnati tunaye Elly De La Cruz, ambaye Julai 8, 2023 aliiba cha pili, cha tatu na cha nyumbani ndani ya mirusho miwili. Kile cha mwisho hakikuwa suala la miguu pekee: mrushaji alikuwa anarudi mahali pake polepole, na kijana alikuwa anamtazama.

Nilipoona hilo nilimkumbuka dada yangu akicheza rede, mchezo wa kujaza chupa mchanga huku ukikwepa mpira. Alikaa katikati, warushaji wawili huku na huku na mpira wetu wa soksi, na alijaza chupa mchanga bila kuitazama, macho yake yakiwa kwenye bega la mrushaji. Hakuwa na mbio kutushinda, ila alijua bega linaposhuka. Likizo iliyopita nilikuta binti yake katikati ya uwanja uleule. Kaka zangu walikuwa wanamshangilia msichana mwingine, aliyeruka na kukimbia sana hadi akapigwa mpira mgongoni na chupa yake nusu. Mpwa wangu aliingia akasogea hatua mbili tatu tu, akachota, akatulia, akachota tena, na chupa ikajaa hadi shingoni, na nilikuwa peke yangu niliyesimama kumpigia makofi.