Kofia ya mwanga kwa wazazi wetu: sayansi ipo, haraka ya nini?

Kila Desemba watu wa Kilimanjaro wanapopanda nyumbani, mazungumzo ya ndugu huishia kwa wazazi. Mzee anauliza jambo lile lile mara tatu. Mama kasahau sufuria jikoni mpaka maharage yameungua. Siku hizi ndugu walioko nje wanakuja na jibu jipya: kofia ngumu yenye vitaa vingi ndani, ambayo mzazi huvaa dakika kadhaa kwa siku. Tangazo lake linazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya familia na linasema inaamsha ubongo. Vitaa hivyo hutoa mwanga wa infraredi ya karibu, yaani mwanga unaoanzia pale jicho linapokoma kuona wekundu.

Wapo wanaoicheka na kusema ni uganga wa kizungu. Wapo walioshaagiza. Kwa maoni yangu wanaocheka wamekosea kidogo, walioagiza wamekosea zaidi, na kosa la wote ni kujadili kifaa kabla ya kumjadili mzee.

Tuanze na wanaocheka. Mwaka 1967 daktari wa Hungaria, Endre Mester, aliwanyoa panya mgongoni akawamulika kwa leza hafifu, akitaka kujua kama leza inaleta saratani. Saratani hakuiona. Alichoona ni nywele zikiota upesi kuliko kwa panya ambao hawakumulikwa. Tangu hapo watafiti wamekuwa wakitafuta sababu, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ndani ya mitokondria, sehemu za chembe hai zinazozalisha nishati, kuna kimeng'enya kiitwacho saitokromu c oksidesi ambacho hunyonya mwanga wa aina hii, na chembe ikapata nishati zaidi. Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini hutumia kama asilimia 20 ya nishati yake, na mitokondria hudhoofika kadiri umri unavyokwenda. Kwa hiyo wazo la kuusaidia ubongo wa mzee kwa mwanga si la kipuuzi.

Majaribio kwa binadamu wenye afya nayo yapo. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Texas kilichopo Austin kilitoa matokeo ya vijana waliomulikwa kwenye paji la uso kwa leza ya nanomita 1064 (nanomita ni kipimo cha urefu wa mawimbi ya mwanga), na wakafanya vizuri zaidi katika vipimo vya umakini na kumbukumbu. Mwaka 2019 watafiti wa Hong Kong wakajaribu kwa wazee 30 wasio na ugonjwa wa kusahau, kikao kimoja tu, na waliomulikwa waliongeza alama.

Alama za nini? Hapa ndipo inafaa kusimama kidogo. Kipimo kimojawapo ni hiki: kwenye skrini inatokea mishale mitano, nawe unabonyeza kitufe kuonyesha ule wa katikati unaelekea wapi, huku ile ya pembeni ikiweza kuelekea upande mwingine ili ikuchanganye. Kinachohesabiwa ni usahihi na kasi, na tofauti ya kasi huwa ni sehemu ndogo ya sekunde. Ni kipimo halali cha uwezo wa kujizuia na kuchagua. Ila mzee wa Machame hajawahi kulalamikia mishale. Analalamika kwamba hakumbuki kama leo kameza kidonge cha presha, au fedha za kahawa kaziweka wapi. Kati ya kuongeza kasi kwenye skrini mchana mmoja na kuishi vizuri miaka mitano ijayo pana umbali mrefu, na tangazo la kofia linauruka umbali huo kwa sentensi moja.

Tena tumeshaona mwanga huu ukipanda na kushuka. Wagonjwa wa kiharusi walimulikwa kichwani katika majaribio matatu yaliyofuatana. La kwanza, mwaka 2007, lilikuwa na wagonjwa 120 na matokeo yake yaliwapa watu matumaini. La pili, mwaka 2009, lilikuwa na 660, na tofauti kati ya waliomulikwa na wasiomulikwa haikutosha kuthibitisha chochote. La tatu lilipangwa kufikia 1,000 likasitishwa njiani, kwa kuwa tathmini ya katikati ilionyesha halina pa kufika. Kiharusi si uzee wenye afya, sawa. Lakini majaribio ya wazee wenye afya leo bado yako kwenye hatua ile ya kwanza, ya watu wachache na matumaini mengi.

Lipo pia suala la fuvu. Sehemu kubwa ya mwanga huishia kwenye ngozi na mfupa, na unaofika kwenye ubongo ni asilimia chache tu ya uliotoka kwenye taa. Nywele huuzuia, ndiyo maana majaribio mengi hulenga paji la uso (wazee wenye upara wana bahati yao hapa). Melanini, yaani kinachoipa ngozi weusi wake, huunyonya, na huunyonya zaidi ule ulio karibu na wekundu kuliko ule wa nanomita 1064, ulio mbali zaidi nao. Majaribio mengi yamefanywa Marekani, Ulaya na Asia ya Mashariki, hivyo dozi iliyopimwa kule haiwezi kuhamishiwa moja kwa moja kwenye paji la uso la mtu wa Moshi. Wala kuongeza muda si dawa, kwa sababu maabara zimeonyesha mara nyingi kwamba mwanga ukizidi kiasi faida hupungua, wakati mwingine hutoweka kabisa.

Sasa mzee mwenyewe. Hapa Kilimanjaro tuna bahati ambayo mikoa mingi haina: wazee wa Wilaya ya Hai wamechunguzwa kwa makini. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, asilimia 6.4 ya watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikuwa na dimensia, yaani ugonjwa wa kusahau. Katika wazee hao hao wa Hai, karibu saba kati ya kumi walikuwa na shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa. Namba hiyo ya pili ndiyo inayoninyima usingizi, maana presha huharibu mishipa midogo ya ubongo kimya kimya kwa miaka. Mwaka 2024 tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilitaja mambo 14 yanayochangia dimensia na yanayoweza kurekebishwa, yakiwemo presha, kisukari, kutosikia vizuri, kutoona vizuri na upweke. Ikakadiria kwamba yakishughulikiwa yote, karibu asilimia 45 ya dimensia ingezuilika au kucheleweshwa.

Kofia yenye jina huuzwa mamia ya dola, nyingine maelfu. Mashine ya kupimia presha inapatikana mjini kwa makumi ya maelfu ya shilingi. Kinachobaki kinaweza kulipia upasuaji wa mtoto wa jicho, miwani, shimesikio (kifaa cha kusaidia kusikia), na nauli ya mzee kwenda kanisani, msikitini au kwenye kikundi chake.

Watetezi wa kofia wana hoja moja ambayo siwezi kuitupa. Wanasema: mama ana miaka 78, hawezi kusubiri miaka kumi mpaka majaribio makubwa yaishe, na madhara yaliyoonekana mpaka sasa ni madogo. Ni kweli. Mtu aliyekwishapima presha na sukari, akapelekwa kwa daktari wa macho na wa masikio, na bado fedha ipo, sioni sababu ya kumzuia. Nigombane naye kwa lipi? Ninachokataa ni kofia kutangulia. Na ningependa zaidi kuona hospitali ya KCMC ya Moshi, ambayo imekuwa ikishirikiana katika tafiti za wazee wa Hai, ikipata fedha za kujaribu mwanga huu kwa wazee wetu wenyewe, nusu wakivaa kofia inayowaka na nusu isiyowaka, kwa miezi, huku wakipimwa mambo ya nyumbani na siyo mishale peke yake.

Anayenunua hata hivyo amuulize muuzaji urefu wa mawimbi kwa nanomita na nguvu ya mwanga kwa kila sentimita ya mraba. Akijibiwa “ni mwanga mwekundu wa tiba” basi aondoke. Leza zisichezewe nyumbani kabisa: mwanga usioonekana haukufanyi upepese, na jicho linaweza kuungua bila mwenyewe kujua. Kwa kofia za nanomita 810 au 850, washa kamera ya selfie na uielekeze kwenye vitaa. Jaribu kwanza na rimoti ya televisheni ili ujue kama simu yako inaona infraredi. Ikiwa rimoti inawaka kwenye skrini na kofia haiwaki, umeuziwa plastiki.