Bahasha ya usiku wa mwisho: bakshishi ya meli za kitalii ni ya nani?

Mpwa wangu yuko baharini, mwaka wa tatu sasa. Mkataba wake wa kwanza kwenye meli ya kitalii aliwekwa kitengo cha udobi, chini kabisa ya meli, mahali pasipo na dirisha, mashine za kufulia na kupigia pasi zinanguruma usiku na mchana. Mkataba wa pili akapandishwa, akawa mhudumu wa vyumba. Alipokuwa dobi hakuchoka kuniambia kwamba abiria waiache ile ada ya bakshishi ikatwe kwenye bili, iingie mfuko mmoja, kila mtu apate chake. Miezi miwili baada ya kupanda juu akanipigia simu akiwa bandarini: “Mjomba, afadhali ile desturi ya zamani ya bahasha. Wageni wangu wananijua mimi. Walio chini hawawajui.” Kijana ni yuleyule na kampuni ni ileile. Kilichobadilika ni sakafu anayofanyia kazi.

Simlaumu. Kauli zake mbili zimenifunza zaidi kuliko mabishano mengi ya abiria niliyoyasikia, kwa maana abiria hubishana juu ya fedha zao, watoe au wasitoe, na ni nadra kuuliza zikishatoka zinakwenda wapi.

Meli nyingi zinazolenga soko la Marekani hutoza ada ya kila siku juu ya nauli. Royal Caribbean, kwa mfano, Novemba 2024 iliipandisha hadi dola 18.50 kwa mtu mmoja kwa siku katika vyumba vya kawaida, na dola 21 katika vyumba vya hadhi ya juu. Watoto nao wanahesabiwa. Baba, mama na watoto wawili wakisafiri siku saba katika chumba cha kawaida, hiyo ni dola 518, mbali na nauli, na mbali na asilimia inayoongezwa juu ya kila kinywaji cha kununua. Ukipenda, unalipa yote mapema, siku unayokata tiketi. Usipolipa mapema inajikusanya kwenye bili ya chumba, na katika kampuni nyingi unaruhusiwa kwenda mapokezi kuomba ipunguzwe au iondolewe kabisa. Wapo wanaofanya hivyo, na kwa kawaida hungoja mwisho wa safari, wakati yule aliyewatandikia kitanda wiki nzima hana tena la kuwafanya.

Zamani haikuwa hivi. Usiku wa mwisho abiria alitayarisha bahasha: moja ya mhudumu wa chumba, moja ya mhudumu wa meza, moja ya msaidizi wake. Akatia alichojaliwa, akawakabidhi mkono kwa mkono. Utaratibu huo ulisimama juu ya jambo moja, kwamba abiria anakula meza ileile, saa ileile, akihudumiwa na watu walewale safari nzima. Mwaka 2000 Norwegian Cruise Line ilianzisha mtindo wa abiria kula anapotaka na saa anayotaka, na kampuni nyingine zikafuata, kila moja kwa namna yake. Ukila mikahawa mitano tofauti ndani ya wiki moja, bahasha umpe nani? Ada ya pamoja ikapata sababu.

Mmarekani haoni ajabu kubwa katika haya. Sheria ya shirikisho nchini kwake inamruhusu mwajiri kumlipa mfanyakazi anayepokea bakshishi dola 2.13 kwa saa, na kiwango hicho hakijasogea tangu 1991, ilimradi bakshishi zikijumlishwa zimfikishe kwenye kima cha chini cha kawaida. Aliyelelewa humo, akiacha asilimia ishirini mezani, haoni kwamba ametoa zawadi. Amelipa sehemu ya mshahara ambayo mwenye mkahawa amemsukumia yeye. Na desturi hiyo ina historia chungu. Baada ya utumwa kukomeshwa, kampuni ya Pullman iliajiri wanaume Weusi, wengi wa mwanzo wakiwa wametoka utumwani, wahudumie abiria kwenye mabehewa ya kulala ya treni. Iliwalipa kidogo, ikijua kwamba abiria watajazia. Wahudumu hao waliunda chama chao mwaka 1925 chini ya A. Philip Randolph, mtetezi wa haki za wafanyakazi, na walihangaika miaka kumi na miwili, hadi 1937, kabla ya kampuni kutia saini mkataba nao. Waliodharauliwa kwa kuishi kwa bakshishi ndio waliodai mshahara wa kueleweka. Jambo hilo nalikumbuka kila ninapomsikia mtu akisema kwamba wahudumu wenyewe ndio wanaotaka mtindo huu.

Mwingereza anatoka upande mwingine. Kwake bakshishi ni shukrani, na shukrani ikishaandikwa kwenye bili kabla hajashukuru inamkera. Kampuni zinazomlenga zimelijua hilo: P&O Cruises iliiondoa ada hiyo mwaka 2019, na Marella inaihesabu ndani ya nauli. Wajerumani nao wana AIDA na Mein Schiff, ambako bakshishi imo ndani ya bei. Hoja yao ni fupi na nzito: nimenunua safari, mshahara wa mtu wako ni juu yako.

Nami naikubali hoja hiyo kwa asilimia kubwa. Hata wale wanaokwenda mapokezi kuondoa ada, ambao wengi wetu tumezoea kuwaita wabahili, wana neno lao. Baada ya janga la korona, baadhi ya kampuni zilipunguza usafi wa vyumba vya kawaida kutoka mara mbili kwa siku hadi mara moja. Ada haikupungua, ilipanda. Abiria anauliza kwa nini alipe zaidi kwa huduma ndogo zaidi, na swali lake ni halali. Ila jibu analolitoa yeye mwenyewe linamwangukia asiyehusika. Aliyepunguza usafi ni ofisi kuu ya kampuni, kule Miami. Anayekatwa ni kijana aliyeongezewa vyumba kwa sababu ya uamuzi uleule.

Mwangalie huyo kijana kwa karibu. Asubuhi anasukuma toroli lake kwenye ushoroba mwembamba, mlango baada ya mlango. Anatoa shuka, anasugua choo, anakusanya taulo zilizolowa maji ya bwawa, na akipata dakika anakunja taulo moja iwe tembo au nyani na kuiacha juu ya kitanda ili watoto wa wageni wacheke. Akimaliza anashuka kwenye njia kuu ya wafanyakazi, ambayo mabaharia wa meli nyingi huiita I-95 kwa jina la barabara kuu ya mashariki mwa Marekani, anakula haraka, analala kidogo, anapanda tena. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika 2013, unaruhusu mtu kufanya kazi hadi saa 14 kwa siku na saa 72 kwa wiki. Huko nchi kavu kiwango hicho tungekiita mateso. Baharini ndicho kikomo cha halali. Meli yenyewe huenda imeandikishwa Bahamas au Panama na inapeperusha bendera ya huko, na akitaka kudai haki yake aanzie huko. Mkataba ukiisha anarudi nyumbani kwa likizo ambayo mara nyingi haina malipo. Vijana wa Kenya, wengi wao kutoka Pwani yetu, wamekuwa wakiingia kazi hii kwa mamia, na fedha wanazotuma ndizo zinazolipa karo na kumalizia nyumba zilizosimama kwenye msingi.

Basi si suluhisho kutia kila kitu ndani ya nauli, jambo likaisha? Hapo ndipo ninapositasita. Bakshishi ikishafichwa ndani ya bei, abiria hawezi tena kuifuata kwa macho, na mfanyakazi hana cha kuonyesha kwamba ilikuwa yake. Wala nauli haituonyeshi mshahara wenyewe: mwaka 2012 gazeti la The Guardian liliripoti kwamba kampuni moja inayohudumia Waingereza ilikuwa ikiwalipa baadhi ya wafanyakazi mshahara wa msingi wa peni 75 kwa saa. Kutoka Oktoba 2024 Uingereza ina sheria inayomlazimu mwajiri kuwapa wafanyakazi bakshishi yote bila kubakiza, na kugawa kwa haki. Ni sheria nzuri. Lakini imetungwa kwa mikahawa na hoteli za huko, si kwa meli yenye bendera ya Bahamas iliyo katikati ya Karibiani.

Lugha yetu ina maneno mengi kwa jambo hili, na kila neno lina wakati wake. Kifuta jasho kinatolewa jasho likishatoka. Kilemba, kwa desturi ya Waswahili, fundi au mwalimu alipewa mwanafunzi alipohitimu, na aliyehitimu bila kutoa kilemba alihesabiwa hana adabu. Takrima, ile zawadi ya ukarimu ambayo mgombea huwapa wapiga kura, ni habari nyingine. Tanzania iliihalalisha katika sheria ya uchaguzi, na Mahakama Kuu ikaifuta mwaka 2006 kwa kuwa kinachotolewa kabla ya kura hakitenganishiki na hongo. Kitu kimoja kikitolewa mwisho ni shukrani, kikitolewa mwanzo ni kununua upendeleo. Ada ya meli inayolipwa siku ya kukata tiketi, miezi kadhaa kabla hujamwona atakayekuhudumia, haiwezi kuwa kilemba wala kifuta jasho. Siiti hongo pia. Ni mshahara, umeitwa jina jingine ili usionekane kwenye nauli, na mshahara hauondolewi mapokezi kwa sababu mwenye fedha amekasirika.

Ndiyo maana naona Kilimanjaro wanatushinda katika jambo moja. Siku za mwisho za kupanda mlima, wageni hukusanya bakshishi ya kundi zima: kiongozi, wasaidizi wake, mpishi, na wapagazi, wale wanaoitwa wagumu. Palipo na utaratibu mzuri, kiasi kinaandikwa kwenye karatasi, fungu la kila daraja, na karatasi inasomwa kwa sauti mbele ya wote. Mradi wa Kilimanjaro Porters Assistance Project umekuwa ukihimiza uwazi wa namna hiyo kwa miaka mingi, maana ulijua visa vya fedha kuishia mfukoni mwa kiongozi na mgumu aliyebeba hema akashuka mlima mikono mitupu. Utaratibu huo nao una kasoro zake. Wapo wanaoukwepa, na mshahara wa mgumu bado ni mdogo mno. Lakini mgumu aliyesimama pale akasikia fungu lake likisomwa anajua cha kudai jioni.

Baharini hakuna karatasi ya namna hiyo. Mpwa wangu alinitumia picha ya stakabadhi yake ya mshahara. Sehemu ya bakshishi ni mstari mmoja wenye namba moja, bila kueleza abiria walilipa kiasi gani mwezi ule, wala mfuko uligawanywa kwa watu wangapi, wala kitengo chake kilipewa fungu gani. Anachoamini kuhusu bahasha na mfuko wa pamoja kinatokana na mstari huo. Alipokuwa dobi aliona namba ndogo, akaamini wahudumu wa juu wanapata kikubwa kwa siri. Alipofika juu akaona namba haikuongezeka kama alivyodhani, akaamini walio chini wanamla. Wote wawili, dobi na mhudumu, wanashukiana, na mwenye kuijua hesabu hayumo melini.

Msimamo wangu ni huu. Mshahara wote uandikwe kwenye mkataba na uingie ndani ya nauli, kama wanavyofanya wale waliojaribu, lakini kwa kiwango kinachotajwa kwa namba. Kampuni ikiona bado inahitaji ada ya kila siku, itangaze kila mwezi imekusanya nini na kila kitengo kimepata nini, abiria na wafanyakazi wote waone. Mpaka hapo, ikiwa uko Muscat au London au Minnesota na unapanga safari ya meli, naomba usiiondoe ada. Ihesabu kama nauli tangu mwanzo, na ukiona jumla imekushinda chagua safari fupi zaidi. Ukiwa na malalamiko kuhusu usafi, yaandike kwa kampuni, kwa anwani ya ofisi. Ukifurahi, mpe mtu noti mkononi siku ya mwisho, na uandike jina lake kwenye fomu ya maoni, maana wanasema majina hayo huangaliwa mikataba inapoongezwa.

Mpwa wangu ameanza mkataba wa tatu, bado yuko vyumbani. Juzi nilimuuliza kama angekubali karatasi ya mgao ibandikwe kwenye ukuta wa I-95, hata ikionyesha kwamba dobi anapata karibu sawa na yeye. Alinyamaza kidogo. Nyuma yake niliisikia kelele ya matoroli. “Ibandikwe, mjomba,” akasema. “Mimi kule chini miezi minane sikujua kitu.”