Hawajapata maada ya giza, sawa, lakini walitafuta wapi?

Kuna haya maneno nayasikia kila mara stori ya sayansi ikiingia hapa Kisumu, juzi tena kwa kinyozi Kondele, ati wazungu wamechimba handaki la kilomita 27 (hiyo ni kama Kisumu mpaka Maseno hivi) chini ya mpaka wa Uswisi na Ufaransa, wamemwaga mabilioni na maada ya giza hawajaiona mpaka leo, si hiyo ni kula pesa tu. Mimi sikubali. Ila pia siwatetei CERN, kile kituo cha fizikia ya chembe chenye hilo handaki, kwa kila kitu, shida iko, lakini sio hiyo watu wanasema.

Maada ya giza yenyewe sio porojo. Fritz Zwicky aliangalia kundi la galaksi la Coma mwaka 1933 akaona galaksi zinakimbia mno kuliko vile uzito unaoonekana unaruhusu, halafu miaka ya 70 Vera Rubin na Kent Ford wakapima Andromeda wakakuta nyota za pembeni zinazunguka kwa kasi karibu sawa na za ndani, kitu ambacho hakifai kutokea. Ukipiga hesabu leo, huo uzito usioonekana ni kama mara tano ya maada yote ya kawaida.

Sasa LHC, ile mashine ya kugonganisha protoni ndani ya hilo handaki, inautafutaje? Chembe ya giza ikizaliwa kwenye mgongano itapita ndani ya detekta (kifaa cha kunasa kinachotoka kwenye mgongano) bila kugusa chochote, kwa hivyo hawaangalii chembe, wanaangalia hesabu. Ni kama ajenti wa M-Pesa jioni, akijumlisha floti na keshi na zikatae kulingana na za asubuhi, anajua kuna kitu kimetoka hata kama hakuona mkono. Protoni zinakuja zikitazamana, za upande huu na za upande ule, kwa hivyo mwendo wa kwenda pembeni kabla ya kugongana ni sifuri na baada ya kugongana lazima ujumlike sifuri, ukiona vipande vyote vimeegemea upande mmoja basi kuna kitu kimetoroka upande wa pili. Nyutrino, chembe nyepesi mno tunazozijua tayari ambazo hazigusi karibu chochote, nazo hutoroka vivyo hivyo, lazima uzitoe kwanza, na hapo ndio jasho lenyewe liko.

Hiyo njia ni poa kama chembe ni nzito na iko peke yake. Lakini kuna wazo lingine, la sekta fiche: giza sio chembe moja bali ukoo mzima, una chembe zake na nguvu zake, na kati yao na sisi kuna kamlango kembamba tu. Mlango unaotajwa sana ni fotoni ya giza, binamu wa fotoni ya mwanga, ila yeye ana uzito na anashikana na vitu vyetu kwa unyonge sana. Na huo unyonge ndio unabadilisha mchezo, maana kitu kinyonge hivyo kinachelewa kuvunjika, kinaweza kusafiri mamia ya mita ndio kivunjike kuwa elektroni na positroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya), na ATLAS, detekta kubwa kuliko zote za LHC, pamoja na ukubwa wake wote ina urefu wa mita 46. Kimeshapita zamani!

Halafu kuna triga, yaani mtambo wa kuchagua data ya kuhifadhi, na hii ndio inaniuma zaidi. Mafungu ya protoni yanapishana mara milioni 40 kwa sekunde, hakuna mahali pa kuweka yote, basi mashine inaamua papo hapo ibaki na nini, na kinachohifadhiwa ni matukio elfu chache kwa sekunde, mengine yametupwa na hayarudi. Nani alipanga cha kubaki? Watu, kufuatana na walichotarajia kuona. CMS, detekta nyingine kubwa ya LHC, siku hizi wanaweka mihtasari midogo ya matukio mengi badala ya rekodi nzima za machache, ujanja mzuri sana huo, ungeanza zamani na kwa ukubwa zaidi.

Ndio maana mimi ni shabiki wa FASER, jaribio dogo la hapo hapo CERN. Hawa jamaa walichukua handaki la zamani lililokuwa limekaa tu, mita 480 kutoka pale protoni zinagongana ndani ya ATLAS, wakaweka kadetekta ka mita saba hivi, sehemu zingine zikiwa spea zilizobaki ATLAS na LHCb, detekta nyingine ya LHC. Kakaanza kazi 2022. Fotoni ya giza hawajaipata, lakini 2023 wakatangaza nyutrino za kwanza kabisa kuonekana kutoka kwenye kolaida (mashine ya kugonganisha chembe), na spea za watu! NA64, jaribio lingine la CERN, nao wanapiga elektroni kwenye shabaha wakitafuta nishati iliyopotea, na SHiP, jaribio jipya la kutafuta chembe fiche kama hizi, iliidhinishwa 2024.

Sasa CERN wana mpango wa kolaida mpya, pete ya kilomita 91, bei kama faranga bilioni 15 za Uswisi. Sisemi wasijenge. Nasema kabla ya hapo kila handaki tupu pale liwe na kitu kama FASER, na data iliyopo isomwe tena na macho mapya, maana walioisoma mara ya kwanza walikuwa wanatafuta kitu kingine.

Na hayo macho si lazima yawe Geneva. Tangu 2014 CERN inaweka data wazi kwa yeyote, na Afrika Kusini na Moroko wako ndani ya ATLAS kitambo. Kama uko mwaka wa tatu wa fizikia pale Maseno, Egerton ama Masinde Muliro na unahangaika na projekti, ingia kwa tovuti yao ya data wazi uanze na za CMS zenye myuoni mbili (myuoni ni kama elektroni ila nzito zaidi), faili ni kubwa kwa hivyo tumia wifi ya kampasi usiku.