Baiskeli Inayojulikana Kuliko Mimi

Leo asubuhi, chai haijapoa, simu inaita. Namba ngeni, ya Tanga. "Kaka, ile kengele ya baiskeli umeondoka nayo?" Mimi! Niondoke na kengele niipeleke wapi, nikaifunge kwenye daladala la Mbagala? Kengele yenyewe nilikabidhiwa imefungwa kwa uzi wa mkonge. Sasa nimeudhika, na nikiudhika ndipo ninapoweza kuisimulia ile likizo bila kuipaka sukari.

Aliyenishauri ni shemeji. "Tanga ndiyo mji wa baiskeli. Tambarare. Unakodi, unakanyaga taratibu, upepo wa bahari." Upepo upo, sikatai. Mwezi wa nane ni kusi, na kusi ya Tanga ina jambo na mimi binafsi: nikielekea Raskazone inanisukuma kifuani, nikirudi mjini nayo imeshazunguka, inanisubiri mbele. Wakati huohuo wazee wa mji wananipita wamekaa wima, kanzu imekunjwa, mkungu wa ndizi kwenye keria, hata jasho hawana. Na mzee lazima umwamkie. Pumzi iko wapi? Nasema "shika...", mzee ameshapita, "...moo" inamwangukia mtoto wa darasa la sita anayemfuata nyuma, naye anaitikia "marahaba" bila haya.

Habari za kiti siziandiki, huku kuna wakwe.

Pancha ikanipata Ngamiani. Barabara za Ngamiani zina namba, kwa hiyo hupotei, ndivyo wanavyosema. Nikamwuliza mtu fundi yuko wapi. "Barabara ya kumi na mbili, ukipita pale palipokuwa na mwembe." Mwembe ulishakatwa. Nikaikokota.

Fundi nikamkuta chini ya mwarobaini, beseni lake la maji mbele, kando yake mama na jiko la vitumbua, na wazee wa bao. Fundi hakunitazama mimi. Aliitazama baiskeli. "Eh! Kumbe bado ipo." Wazee wakaacha kete, wakaizunguka. Mmoja akaushika usukani kama anayemjulia hali mgonjwa.

"Si ya yule wa Chumbageni? Aliiuza alipooa Pangani."

"Hakuiuza alipooa. Aliiuza alipoachwa."

Wakabishana. Mimi mwenye pancha nikakaa kwenye gogo, likizo yangu ikiendelea.

Hapo mama wa vitumbua akainuka. "Mwenye baiskeli hii nina deni langu kwake."

"Mimi nimeikodi tu, mama."

"Kwanza watu huamkiana."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sasa lipa."

Nikavuta sauti ya ofisini. Nikamweleza kwamba kisheria deni humfuata aliyekopa, halifuati chombo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa, huku akigeuza vitumbua. Kisha akasema: "Bwana yule alikuwa anakula bila kushuka, mguu mmoja chini. Mimi nimeinama jikoni, sura yake siijui, nilikuwa naona tairi. Leo tairi limekuja."

Wazee wa bao wakatikisa vichwa. Hukumu imetoka! Nikamgeukia fundi, mwanamume mwenzangu. Akaitoa tyubu kwenye maji, akaiweka kando. "Mgosi, mimi penye mgogoro kiraka sibandiki. Hakishiki."

Ndipo nikapandisha. Nikasema mimi ni mtalii wa ndani, mtalii, tunahimizwa kila siku redioni tuzunguke nchi yetu, tukizunguka ndiyo haya? Tunadaiwa vitumbua vya mtu aliyeachwa Pangani? Mtaa mzima ukanyamaza kwa heshima, kisha mama akasema, "Vya Ramadhani nimevisamehe. Hesabu inaanzia Mfungo Mosi."

Nikatoa elfu mbili. Ningefanya nini? Gurudumu lilikuwa limeshafunguliwa. Akanipa vitumbua vitatu vya kuanzisha ukurasa wangu mwenyewe, na vilikuwa vitamu, jambo lililozidi kuniudhi. Fundi naye, akiwa anapiga pampu, akakumbuka kwamba hata kwenye breki za nyuma kuna kiporo chake.

Mapango ya Amboni sikuyaona. Waliniambia ni kilomita nane tu. Hiyo "tu" inasemwa na mtu aliyekaa kibarazani.

Nilifika Boma la Wajerumani, ambalo siku hizi ni makumbusho, kwa sababu lina kivuli. Nikasimuliwa vita vya Novemba 1914: Waingereza walileta askari kama 8,000, wengi kutoka India, wakawashusha huku Raskazone, Wajerumani na askari wao Waafrika, kama 1,000 hivi, wakawarudisha melini, na katikati ya risasi nyuki wakatoka kuuma watu. Nikauliza nyuki walikuwa upande gani. Muuza madafu nje akadakia: "Upande wa Tanga. Waliuma wote."

Mzee huyo nilimpenda, nikaagiza dafu. Akaniuliza nashabikia timu gani. Nikasema Yanga. Akalishusha panga. Akaanza kunieleza ubingwa wa Coastal Union wa 1988, kipa, mabeki, mchezaji mmojammoja na tabia zake, dafu langu likiwa mkononi mwake, zima. Nikamwambia, "Mzee wangu, nina kiu."

"Subiri," akasema, "winga wa kushoto bado."