Lambo au kisima? Tuangalie na huko juu mlimani

Kiangazi kikikaza vijiji vya Dodoma, swali hurudi mkutanoni: tuchimbe lambo, yaani bwawa dogo la tuta la udongo, au kisima kirefu?

Wasiolitaka lambo wana hoja nzito. Dodoma hupata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, na jua lake linaweza kukausha zaidi ya mara mbili ya hizo. Tena maji yaliyotuama, ng'ombe wanaingia na watoto wanaoga, ndiyo makazi ya konokono wa kichocho.

Kisima nacho kina pampu. Ikiungua Oktoba, kijiji kizima kinamsubiri fundi. Na visima vingi vya huku maji yake yana chumvi. Ng'ombe mmoja hunywa lita 30 hivi kwa siku. Mwenye mia anataka lita 3,000, jirani yake bado hajafika. Kwa mifugo mimi nachagua lambo, mradi mbauti, yaani birika la kunyweshea, ijengwe nje ya tuta, ng'ombe wasikanyage majini.

Kinachonikera ni kwamba ubishi wote unaishia kwenye tuta. Bwawa la Ikowa, Chamwino, lilijengwa 1957. Watafiti walipolipima mwanzoni mwa miaka ya 1970, pamoja na mabwawa ya Matumbulu na Msalatu, walikuta matope yanayajaza kwa kasi. Uhai wa Ikowa ulikadiriwa kuwa wa miongo michache tu. Matope hayo yaliteremka kutoka mashamba na malisho ya juu. Kamati ya kijiji inaweza kutoza kwa kila ng'ombe, kung'oa miche ya miti inayoota kwenye tuta kabla mizizi haijafungulia maji njia, na kusafisha utoro wa maji, yaani njia ya kutolea maji yanayozidi, kabla ya mvua za Desemba. Mkulima wa kijiji cha juu anayelima hadi ukingo wa korongo, kamati haina la kumfanya. Bonde lina bodi yake ya maji, huduma ya maji vijijini ni ya wakala wa serikali, RUWASA, tangu 2019, na ardhi ya kule iko chini ya serikali ya kijiji kingine.

Amri ilishajaribiwa. Mwaka 1979, chini ya HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, mifugo iliondolewa kwenye maeneo ya Kondoa yaliyomomonyoka. Nyasi zilirudi kweli, ila ng'ombe wakahamishiwa kwingine, na mzigo ukaenda nao.

Ningependa tozo ya ng'ombe igawanywe, sehemu iwalipe wa juu wachimbe makingamaji, yaani matuta na mitaro ya kuzuia maji yasiteremke na udongo, kwenye mashamba yao. Wafugaji watanung'unika: kwa nini tuwalipe watu wasionywesha hapa? Wana haki ya kuuliza. Waonyeshwe kwanza bei ya kukodi ekskaveta ya kufukua matope, kisha waambiwe itabidi irudi tena.