Memori Kadi Iliyofunga Ndoa

Mimi ni seremala. Kazi yangu ni makabati, vitanda na kusema "kesho". Karakana iko Unga Limited, hapa Arusha, nyumbani ni Kwa Mrombo, na simu ninayo moja, ambayo tangu mwaka jana ilikuwa na tabia ya mzee wa ukoo: ukiisemesha, inakutazama kwanza. Unagusa WhatsApp, unapiga randa ubao mmoja upande mmoja, unarudi ndiyo kwanza inafunguka. Ikishafunguka inakwambia nafasi imejaa. Imejaa nini? Picha za makabati ya watu, na zile za "asubuhi njema mpendwa" zenye njiwa na ua waridi ambazo shangazi hutuma kuanzia saa kumi na moja alfajiri.

Jumamosi moja mpwa wangu akaja karakana. Anasoma chuo, mambo ya kompyuta. Baada ya shikamoo akaishika ile simu kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota soksi njiani, akapuliza unga wa mbao kwenye tundu la chaji.

"Mjomba, hii iko Android 9. Wenyewe walishaacha kuiletea masasisho."

Nikadhani tisa ni alama nzuri. Kumbe ni toleo la 2018. Sawa, kwani randa yangu ni ya mwaka gani, na mbona inakata?

Dawa aliyoleta ni kuutoa mfumo uliokuja na simu dukani na kuweka mwingine unaoitwa LineageOS, ambao watu wanautengeneza kwa kujitolea na kuugawa bure. Akanipa na ukoo wake: zamani ulikuwepo mfumo unaitwa CyanogenMod, ukafa Desemba 2016, warithi wakachukua kilichobaki wakaendelea kwa jina jipya. Hilo nililielewa haraka kuliko yote, maana viwanja vya huku kwetu vinakwenda hivyohivyo.

"Lakini kwanza tufanye bakapu," akasema, kwa sauti ile ambayo mchungaji hutumia kwenye neno toba.

Kijana alianza vizuri, nisimsingizie. Akasema kila kitu tukihamishie kwenye kompyuta kwa waya. Nikauliza kompyuta yake iko wapi. Iko kwa fundi. Kinyozi hajinyoi, nikanyamaza. Kisha mimi mwenyewe, kwa kinywa changu hikihiki, nikasema: "Si kuna memori kadi humo ndani? GB 32! Weka humo."

Akaweka. Picha, video, orodha yangu ya michango ya harusi (nitaifikia, msiniharakishe). Upande wa WhatsApp akakuta bakapu ya Google Drive imezimwa. Niliizima mimi, inakula bando, tena siku hizi inahesabiwa ndani ya zile GB 15 za bure. Akasema hamna shida, WhatsApp huwa inajiandikia nakala humohumo kwenye simu kila usiku saa nane, tutalibeba folda lake. Saa nane usiku! Mimi nimelala, simu inafanya kazi ya karani na haijawahi kunidai. Folda likaingia kwenye kadi nalo.

"Na majina ya simu?"

"Yako kwenye Gmail, mjomba, yatarudi yenyewe."

Akanibonyezesha *#06#, zikatokea IMEI, yaani namba za kuitambulisha simu, tarakimu 15 kwa kila laini. Akataka niziandike mahali, maana mtu akikosea kwenye hizi kazi simu inaweza kusahau namba zake ikakosa mtandao. Hapo hakuhitaji kunishawishi. Sisi tuliouona usiku wa Juni 16, 2016, TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu feki nchi nzima, tunaiheshimu IMEI kama cheti cha ubatizo. Karatasi hakuna. Nikachomoa penseli sikioni, nikaziandika kwenye kipande cha sipresi kilichokuwa benchi.

Basi shughuli ikaanza. Kuna sehemu kwenye mipangilio unagonga namba ya toleo mara saba, kama wana wa Israeli na ukuta wa Yeriko. Ya saba ikaniambia nimekuwa msanidi programu. Nimeishia darasa la saba, nimegonga mara saba, nimekuwa msanidi. Watu wanalipa ada bure.

Baada ya hapo simu ikaunganishwa na kompyuta ya kuazima, ya dada wa stesheneri. Ndiyo, kompyuta ilikuwepo, mlango wa pili kutoka karakana, tuliikumbuka baada ya bakapu. Ikaja skrini nyeusi ya kutisha yenye maandishi mekundu. Mpwa akatafsiri: tukifungua kufuli hii, wenyewe wanaiita butiloda, kila kilichomo kwenye simu kinafutwa. Nikauliza kwa nini wana roho mbaya hivyo. Akasema ni kwa ajili ya mwizi, akikuibia simu asiweze kuivisha mfumo wake halafu asome mambo yako. Nikaona lina maana. Nikabonyeza kitufe cha kukubali kwa dole gumba langu mwenyewe, lile lenye kovu la patasi.

Ikazima. Ikawaka. Nyeupe peee, inanisalimia kama hatujawahi kuonana.

LineageOS ikaingia bila matata, na niseme haki ya Mungu, simu inakimbia. Inakimbia sana, ila haina pa kwenda. Mpwa akarudisha kadi mahali pake, anapiga na mluzi. Mluzi ukafa katikati. Kwenye kioo pameandikwa kwamba kadi hii haieleweki, gusa hapa kuiformati, yaani kuifuta yote ianze upya. Akaitoa, akaifuta na fulana, akairudisha. Gusa hapa kuiformati. Tukaipeleka kwa mangi wa duka tukaichomeka kwenye simu yake: gusa hapa. Kompyuta ya stesheneri ikataka kuiformati hata kabla hatujakaa.

Akaniuliza polepole, kama daktari: "Mjomba, hii kadi ulipoiweka mara ya kwanza, simu ilikuuliza swali lolote?"

Iliniuliza. Ilikuwa mwaka juzi, nafasi zilipoanza kuisha. Iliuliza kadi hii iwe ya kuhamishika au iwe hifadhi ya ndani ya simu. Sasa niambieni, mtu mzima mwenye familia anachaguaje "ya kuhamishika"? Nikachagua ya ndani.

Kumbe nilikuwa nafungisha ndoa! Ukichagua hivyo, simu inaandika kila kitu kwenye kadi kwa mafumbo, na ufunguo wa mafumbo hayo haukai kwenye kadi, unakaa ndani ya simu. Simu nyingine haiwezi kuisoma. Na simu yako mwenyewe ukiifuta, umefuta na ufunguo, hata wewe huwezi. GB 32 za mjane. Mpwa akasema tungetoa kwa waya tukaweka kwenye kompyuta, tukafungua picha mbili tatu kulekule tuone kama zinafunguka, ndipo tuguse kitu kingine. Nikamwambia maneno mazuri hayo angeyasema saa nne asubuhi.

Sasa ile orodha. Mimi ndiye mhazini wa kamati ya harusi ya mtoto wa kaka yangu. Ahadi zote za watu, nani kaahidi nini na kamaliza nini, nilikuwa naziandika kwenye simu, kwa sababu mwenyekiti alisema tuwe wa kisasa. Na meseji za miamala nazo ziliondoka. Hela zenyewe zipo, hela za simu zinakaa kwenye akaunti ya laini, si ndani ya simu. Nikapiga *150*00#, nikaangalia salio: 2,310,000, haijapungua hata mia. Kilichopotea ni nani katoa.

Nikafanya kosa la kuuliza kwenye grupu.

Ndugu zangu, sijawahi kuona ukoo unaolipa michango namna ile. Ndani ya nusu saa kila mtu alikuwa ameshamaliza ahadi, wengine wamezidisha kwa upendo. Mjomba mmoja wa Tengeru, ambaye tangu Februari alikuwa hapokei simu yangu, akaandika, "Mimi nilishakutumia laki mbili, mhazini, angalia vizuri." Nikajumlisha kwa penseli: 6,850,000. Ikabidi niombe taarifa ya miamala ya laini yangu, ikaja na majina na tarehe. Mjomba wa Tengeru alituma elfu ishirini. Anasema alikosea sifuri.

Programu ya benki sitaiongelea sana. Ilichungulia, ikaona simu kufuli yake imefunguliwa, ikakataa kuingia ndani. Siku hizi nikitaka kuulizia hela zangu napanga foleni na wazee wa pensheni.

Nije kwenye majina, yale yaliyokuwa "yanarudi yenyewe". Simu ikauliza neno la siri la Gmail. Mimi nimelijulia wapi? Gmail alinifungulia kijana aliyeniuzia simu mwaka 2019, mjini kule karibu na Stendi Ndogo, duka nililoelekezwa na mwalimu mmoja wa Njiro mteja wangu. Nikapanda hiace, baridi ya Juni inang'ata masikio, nikamkuta yupo na ananikumbuka. Hakutafuta hata sekunde. "Neno la siri ni lilelile la wote, mzee wangu."

La wote?

La wote. Kila aliyenunua simu pale tangu miaka hiyo amefunguliwa Gmail moja. Kijana anaona ni huduma, maana mtu akisahau, yeye anakumbuka. Nikaingiza neno la siri nikiwa palepale kaunta, majina yakaanza kumiminika. Mimi nilikuwa na watu 312. Yakaja 1,940.

Wangu niliopata ni wa hadi 2021 tu, mwaka ambao niliambiwa nizime usawazishaji, ile simu kupeleka na kuleta majina Gmail yenyewe, ili bando lidumu. Wa baada ya hapo wamekwenda na maji. Lakini wa wenzangu wamekuja wote, wa jana na wa leo. Nina Mama Mchungaji Moshono. Nina Dogo Mayai. Nina Usipokee, Usipokee 2, na Usipokee Kabisa, na sijui nani kamkosea nani.

Na nina Baby Sakina.

Huyu tunafahamiana. Mwaka 2020 alitokea kwenye simu yangu ghafla, mama Neema akamwona kabla yangu, na kwa siku tatu nilikunywa chai ya rangi na mkate wa juzi. Niliapa simjui. Nilimfuta, keshoye akarudi. Sasa nimefika nyumbani mbio, nimepata ushahidi, nampa simu naye aone kwa macho yake: ni Gmail ya kijiji kizima, Baby Sakina ni wa mtu mwingine kabisa! Mama Neema akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Baba Neema, miaka yote hiyo umeitafuta hadithi, umeipata leo?" Lakini simu hakurudisha. Alikaa nayo kwenye kochi, anashuka na orodha jina kwa jina, anacheka peke yake kama anasoma gazeti.

Mara akaacha kucheka. Akanisogezea kioo.

"Hii namba mbona kama yako?"

Nikaivaa miwani. Ilikuwa yangu, mpaka zile nane mbili za mwisho. Mtu fulani kainunua simu yake duka lile, na kwenye simu yake mimi nimeandikwa: Fundi Kabati Muongo.

Nilikaa kimya nikihesabu. Wateja wangu wenye makabati kwa sasa ni watatu. Walionunua simu duka lile, ninayemjua ni mmoja, maana ndiye aliyenielekeza. Kabati lake ni la tangu kabla ya Pasaka.

Jumatatu nilifika karakana saa moja asubuhi, jambo lililomtisha kijana wangu wa kazi. Nikamwambia leo kabati la mwalimu linatoka. Akasema yeye Ijumaa na Jumamosi alishamalizia droo, limebaki vanishi tu. Nikamsifu. Halafu nikatafuta kile kipande cha sipresi chenye IMEI, kwa kuwa ndiyo bakapu pekee iliyobaki duniani. Juu ya benchi hakipo. Kwenye takataka hakipo. Kijana akaniuliza kama ni kile kizurikizuri kisicho na fundo.

Nikavuta droo ya pili, nikaingiza kichwa chini yake. Tarakimu zipo, za penseli, zimelala kifudifudi, nusu zimeingia kwenye mfereji wa gundi.

Simu ikaita. Haina jina, ila namba naijua sasa.

"Fundi, habari za asubuhi. Leo?"

Nikamweleza ukweli mtupu, sijaongeza wala kupunguza: kabati limekwisha, ila droo yake ya pili imebeba bakapu ya simu yangu, inabidi niibandue kidogo ninakili, nigundishe upya, ikauke, kwa hiyo kesho.

Mwalimu alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza hiyo bakapu ni mbao ya aina gani, na kama hailiwi na mchwa.