Babu Mwenye Karatasi na Babu Asiye Nayo

Kila Vinícius Júnior, mshambuliaji Mbrazili wa Real Madrid, anapotukanwa kwa rangi yake katika viwanja vya Hispania, hujitokeza mtu katika makundi yetu ya soka akauliza, kwa sauti ya aliyegundua siri kubwa, mbona Mbrazili mwenzake Kaká aliichezea Real Madrid kuanzia mwaka 2009 hadi 2013 na hakuna aliyemsikia akilalamika. Wiki hii nimeulizwa swali hilo tena, na muulizaji akaongeza kwamba Vinícius ana mamilioni ya yuro, hivyo hana sababu ya kulia. Niliandika jibu refu kisha nikalifuta, maana kundi la soka si mahali pa kumweleza mtu historia ya karne nzima. Nalieleza hapa.

Kaká ni mtoto wa mhandisi, na ni mweupe. Vinícius ametoka São Gonçalo, ng'ambo ya ghuba kutoka Rio de Janeiro, ambako watu wengi ni wa kipato cha chini, na ni mweusi. Januari 2023 sanamu iliyovishwa jezi yake ilining'inizwa darajani mjini Madrid. Mei mwaka huohuo, katika uwanja wa Mestalla mjini Valencia, aliitwa nyani mbele ya kamera za dunia nzima, na ilibidi kusubiri hadi Juni 2024 ndipo mashabiki watatu wakahukumiwa kifungo cha miezi 8 kila mmoja. Kaká hakulalamika kwa sababu hakuna aliyemtundikia sanamu. Nakubali, shingo upande, kwamba pesa zimemsaidia Vinícius, kwa kuwa Mbrazili mweusi anayesambaza chakula kwa baiskeli akitukanwa njiani hana kamera, hana klabu, na hana wakili. Lakini huko ni kukubali jambo lilelile ninalolisema: tunapotaja "Wabrazili walioko nje" tunazungumza kana kwamba wote walipanda ndege moja na kupokewa na mwenyeji mmoja, ilhali nafasi ya kila mmoja ilikwisha kupangwa nyumbani, na kwa wengi ilipangwa kabla baba zao hawajazaliwa.

Brazili ilifuta utumwa mwaka 1888, ikiwa nchi ya mwisho kufanya hivyo katika Amerika yote. Tarehe 28 Juni 1890 serikali mpya ya jamhuri ikatoa amri namba 528, iliyofungua bandari kwa wahamiaji wenye afya na uwezo wa kufanya kazi, isipokuwa wenyeji wa Asia na Afrika, ambao wangeingia kwa idhini ya bunge tu. Katika miaka hiyohiyo São Paulo ilikuwa ikilipa nauli za familia za Kiitaliano ili zije kuchuma kahawa, kazi iliyokuwa ikifanywa na watumwa, na viongozi hawakuficha kwamba walitaka pia damu ya taifa iwe nyeupe zaidi. Waliotoka utumwani hawakupewa ardhi wala nauli ya kwenda popote. Kisha Desemba ya mwaka uleule wa 1890 waziri wa fedha, Rui Barbosa, akaamuru kumbukumbu za utumwa zilizokuwa katika ofisi za wizara yake zichomwe moto. Wanaomtetea husema alitaka kuwazuia mabwana wa zamani wasidai fidia ya mali yao iliyopotea. Hoja hiyo naipokea, ingawa haimrudishii mjukuu wa mtumwa jina la babu yake.

Sasa tazama faida ya mambo hayo ilivyokuja kugawanywa. Katika miaka ya 1980 uchumi wa Brazili ulidorora na mfumuko wa bei ukala mishahara, na mwaka 1990 serikali ya Fernando Collor ikazuia akiba za wananchi benki. Watu wakaanza kuondoka kwa wingi, na hapo ndipo kila mmoja alipolazimika kuangalia babu yake alimwachia nini. Sheria ya uraia ya Italia ya mwaka 1992 ilimtambua mzao wa Mwitaliano bila kujali ni wa kizazi cha ngapi, mradi aweze kuonyesha vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa kutoka kwake hadi kwa yule aliyeshuka melini. Mbrazili wa Curitiba au Caxias do Sul, miji ya kusini walikohamia Waitaliano, aliyefanikiwa kukusanya vyeti hivyo aliingia Barcelona, Dublin, au hata London ya kabla ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, kama raia, akatafuta kazi siku ya pili, na mwajiri akimdhulumu akamshtaki. Mwenzake ambaye mababu zake walishushwa wakiwa watumwa katika gati la Valongo mjini Rio hana cheti cha kupeleka ubalozi wowote. Katika daftari la ubatizo mzee wake ameandikwa kwa jina moja la Kireno alilopewa na padri, na pengine pembeni pameandikwa kwamba ni wa taifa la Angola, au la Msumbiji. Ndiyo, Msumbiji: katika karne ya 19 meli zilizopakia watu Quelimane na Kisiwa cha Msumbiji, katika bahari hii tunayoivua sisi, zilikuwa zikiwashusha Rio. Ukoo huo ni wa kweli kama ule wa Veneto huko Italia, ila hakuna dola inayoulipa.

Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba pasipoti ya Ulaya aliyonayo Mbrazili ni bahati yake binafsi au matunda ya juhudi zake. Dola ilichagua nani aletwe kwa heshima na nani asahauliwe, na uamuzi huo ukaja kugeuka ruhusa ya kuvuka mpaka kwa wajukuu. Wapo wazao wa Waitaliano waliozaliwa maskini na kuhama wakiwa maskini, nalijua hilo. Hata hivyo walihama wakiwa na karatasi.

Msomaji wa Unguja au Pemba hahitaji kufafanuliwa zaidi. Baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka Oman mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliotawanyika warudi, aliyeweza kuthibitisha kabila na ukoo wake alipata uraia, na jirani yake waliyekua naye katika uchochoro mmoja, wakisema Kiswahili kimoja, akaenda huko kwa kibali cha kazi, kama alikipata.

Wapo pia wale ambao babu aliwafungulia mlango kisha mlango huohuo ukawasukuma nje. Wajapani 781 walifika bandari ya Santos, Brazili, kwa meli ya Kasato Maru mwaka 1908, na wazao wao wengi wakapanda hadi tabaka la kati. Mwaka 1990 Japani ilirekebisha sheria yake ya uhamiaji na kuwaruhusu wazao hao, hadi kizazi cha tatu, kuishi na kufanya kazi nchini humo, ikitumaini kupata mikono ya viwandani inayofanana kwa sura na wenyeji. Watu waliokuwa na shahada wakajikuta katika viwanda vya vipuri vya magari katika miji ya Hamamatsu na Toyota. Uchumi ulipoanguka, mwaka 2009 serikali ya Japani iliwapa waliopoteza kazi yeni 300,000 za kurudia Brazili, kwa sharti kwamba wasirudi tena kwa viza ileile ya nasaba. Damu iliyosifiwa mwaka 1990 ilikuwa na bei, na bei yenyewe si kubwa.

Hata rangi anayohesabiwa mtu akiwa Brazili haivuki mpaka pamoja naye. Jean Charles de Menezes alikuwa fundi umeme wa miaka 27 kutoka Gonzaga, mji mdogo wa jimbo la Minas Gerais, katika eneo la Governador Valadares, ambako familia nyingi zina mtu aliyehama. Tarehe 22 Julai 2005 polisi wa London walimuua kwa risasi ndani ya treni katika kituo cha Stockwell, wakidhani ni Hussain Osman, mshukiwa wa ugaidi aliyezaliwa Ethiopia. Siku chache baadaye wizara ya mambo ya ndani ya Uingereza ilitoa taarifa kuhusu hali ya viza yake, kana kwamba tarehe ya mwisho ya viza inapunguza uzito wa risasi. Jeshi la polisi lilipatikana na hatia mwaka 2007, kwa kuvunja sheria ya afya na usalama kazini. Narudia: afya na usalama kazini. Hakuna afisa hata mmoja aliyeshtakiwa kwa kifo hicho.

Kuna jambo jingine ambalo Wabrazili wa tabaka la kati hawapendi kulizungumza. Nchi yao imezoea watumishi wa ndani kiasi kwamba majengo mengi ya ghorofa yalijengwa na lifti ya wenye nyumba na lifti ya watumishi, na chumba finyu cha mtumishi nyuma ya jiko. Ilikuwa hadi mwaka 2013 ndipo katiba ilipomhakikishia mfanyakazi wa ndani kikomo cha saa 44 za kazi kwa wiki na malipo ya saa za ziada, na wako walionung'unika kwamba nchi imeharibika. Baadhi ya waliokulia katika nyumba hizo ndio waliokwenda kusafisha vyoo vya watu huko Framingham na Somerville, jimbo la Massachusetts, Marekani, kwa ujira uliozidi mshahara wa ualimu au ukarani walioacha nyumbani. Ungedhani yaliyowapata yangewafundisha undugu. Wapi! Katika kazi hiyo orodha ya nyumba za wateja ni mali inayouzwa kwa maelfu ya dola. Aliyetangulia humuuzia aliyemfuata, au humchukua kama msaidizi wa kutwa, akampakia garini, akamlipa kidogo na kubaki na kilichosalia. Mwenye orodha ana gari na Kiingereza, na msaidizi wake mara nyingi ni yule aliyefika juzi kupitia mpaka wa Mexico baada ya kunyimwa viza kwa kuwa akaunti yake ya benki haikumridhisha afisa wa ubalozi. Lisbon nako, wakati Ureno ilipokuwa ikitoa kibali cha ukaazi kwa mgeni anayenunua nyumba ya yuro 500,000, Wabrazili walikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa, katika mji uleule ambao Mbrazili mhudumu wa mkahawa analala chumba kimoja na wenzake kwa sababu ya kodi.

Kuhusu wanawake nitasema machache, kwa kuwa hasira yangu hapo haitakuwa na staha. Mwaka 2003 kundi la wake wa mji wa Bragança, kaskazini mwa Ureno, waliwasilisha malalamiko dhidi ya wanawake wa Kibrazili kwamba wanawaharibia ndoa, jarida la Time likaiweka habari hiyo kwenye jalada la toleo lake la Ulaya, na hadi leo Mbrazili daktari akitafuta nyumba ya kupanga hukutana na lile jicho. Waume walioingia katika vilabu vile vya usiku kwa miguu yao wenyewe hawakuwekwa kwenye jalada lolote.

Januari 2025 ndege iliyobeba Wabrazili 88 waliofukuzwa Marekani ilitua Manaus, kaskazini mwa Brazili, nao wakashuka wakiwa na pingu mikononi na minyororo miguuni, hadi serikali yao ikaagiza ndege ya jeshi la anga iwamalizie safari ya kwenda Minas Gerais. Miezi miwili baadaye, tarehe 28 Machi, serikali ya Italia ikatoa amri ya kuubana uraia wa nasaba, ikiweka kikomo kwa wazazi na kwa babu na bibi. Waliokuwa bado wanakusanya vyeti vya wazee wa vizazi vya nyuma zaidi walilalamika kwamba wamenyang'anywa haki yao ya kuzaliwa. Nawaonea huruma, kwa kiasi. Kilichowapata ni kwamba sasa wamehesabiwa kama Wabrazili wengine: wakitaka kwenda kufanya kazi Ulaya, watafute mwajiri, waombe kibali, na wasubiri kujibiwa.